Mikebe Kutoka Namanga

Kitengela,
Jumapili, 5 Machi 2006

Elphas,

Nakuandikia kwa sababu kwa simu unanikatia. Juzi sijamaliza kutamka neno "Mama," ukasema mtandao ni mbaya. Karatasi haina mtandao. Utaisoma hadi mwisho, na dereva wa basi nimemwambia akukabidhi wewe mkononi, asimwachie askari wa geti.

Katoni nyingine ya ile mikebe yako imefika. Mama aliificha chini ya kitanda kama mtoto aliyeiba nyama, lakini Bedan wangu ana miaka miwili na macho yake yako chini chini huko, ndiye aliyeivuta nje akija kunionyesha.

Nikuulize. Mama ana miaka sitini na saba. Ana ugonjwa wa sukari, ana presha. Wewe unamtumia kinywaji cha kuongeza nguvu, kile madereva wa malori wanakunywa wasilale kutoka hapo mpakani hadi Malaba? Mikono inamtetemeka akishika kikombe. Usiku nasikia slipa zake zikizunguka jikoni. Na Jumatano nilirudi kutoka kazini nikakuta sufuria ya maharagwe niliyomwachia iko vile vile, imefunikwa. Nikamuuliza mbona hajala. Akasema, "Nimeshiba, mwanangu. Nimekunywa ile ya Elphas."

Ameshiba! Tangu lini mtu akashiba bati?

Kliniki walimwambia ale kidogo kidogo mara nyingi, na tembe zake ameze pamoja na chakula. Sukari yote nimeitoa kwangu. Asali nimetoa. Biskuti za watoto nimetoa, Caren analia kila siku akitoka shule. Mimi napigana, na wewe kutoka huko ulikokaa unarusha mikebe.

Usitume tena. Ukituma nitaimwaga kwa mtaro ploti nzima ikitazama.

Dada yako,
Nasike


Namanga,
11 Machi 2006

Nasike,

Barua yako nimeifungua mbele ya watu ofisini, karani akaniuliza kama nimepata samansi ya korti.

Sasa nisikilize na wewe. Baba alipougua sukari wewe ulikuwa chuo. Ulikuja wikendi, ukalia, ukarudi. Mimi ndiye niliyekuwa naosha kile kidonda. Walikata kidole, wakakata mguu, na bado alikuwa anaomba soda, na tulimpa kwa sababu tulimhurumia. Tulimnunulia kifo chake kwa chupa. Siku tunamzika pale Kimilili niliapa Mama hatapita njia hiyo.

Lakini Mama ni mtu wa utamu, hilo unalijua. Amelelewa katikati ya miwa. Tangu mmwambie aache sukari anakaa kama mtu aliyefiwa mara ya pili. Kwa hivyo nilitafuta kitu kitamu ambacho hakitamuua, na nikakipata. Imeandikwa ubavuni mwa mkebe kwa herufi kubwa kwamba haina sukari. Hata kidogo. Nimesoma mwenyewe, nikamsomesha na jirani yangu wa duka la dawa. Mimi mwenyewe nakunywa malori yakipanga foleni hapa, na tangu niache soda mshipi wangu umerudi nyuma matundu mawili. Hiyo si afya?

Na kabla ya kunifundisha mambo ya chakula, niambie, huyo Mama anapikiwa na nani? Unatoka kwa nyumba jogoo hajawika, unarudi taa zimewaka. Maharagwe ya jana ndani ya sufuria ndiyo matunzo?

Nitaendelea kutuma.

Elphas


Kitengela,
15 Machi 2006

Elphas,

Nimeimwaga. Yote. Mtaro wetu ulitoa povu la njano na watoto wa ploti walikuja kutazama.

Natoka jogoo hajawika kwa sababu ofisi ya bima iko Nairobi na barabara ya Namanga unaijua asubuhi. Tangu baba ya Caren aende zake hakuna mtu mwingine wa kutoka. Ungekuwa unaishi nasi ungeona.

Mama haongei na mimi. Alisimama mlangoni akiniangalia nikimwaga, akasema, "Hicho kilikuwa changu, Nasike." Basi. Tangu hiyo siku ni salamu tu.

Sasa umefurahi?

Nasike


Kitengela,
20 Machi 2006

Mwanangu Elphas,

Mimi mzima, nashukuru Mungu. Naandika pole pole, kalamu na mimi hatujaonana tangu niache kufundisha watoto wa Jumapili.

Dada yako alimwaga vile vinywaji. Nitumie vingine, lakini visipitie kwake. Mwambie dereva amwachie Mbithe, yule mama Mkamba wa mlango wa tatu. Ni mtu mwema.

Vinanisaidia sana. Nikinywa kimoja asubuhi mikono inapata nguvu ya kufua. Nikinywa cha pili saa nane naweza kumfuata Bedan hata akikimbilia kule malori ya mawe yanakopita. Huyo mtoto ana mbio, Elphas. Magoti yangu hayana. Chakula cha mchana siku hizi sina haja nacho.

Usimwambie Nasike kwamba nachoka. Atafikiri sitaki mtoto wake, na yeye hana mtu mwingine.

Mungu akulinde huko mpakani. Bado hujaniambia utakuja lini.

Mama yako,
Nakhumicha


Namanga,
24 Machi 2006

Mama mpendwa,

Nimecheka peke yangu nikisoma barua yako. Nilijua tu! Nilimwambia Nasike hicho kitu ni kizuri, akanitukana. Nimetuma katoni mbili kwa Mbithe. Ukikosa hamu ya chakula usiogope, ndiyo namna ya kupunguza mwili, na mimi ilinipata hivyo hivyo. Daktari mwenyewe alikuambia upunguze.

Kuja nitakuja. Mwezi huu malori ni mengi, wanataka kupitisha mizigo mvua haijaanza. Labda Pasaka.

Mwanao,
Elphas


Kitengela,
Jumatano, 12 Aprili 2006

Elphas,

Mama alianguka juzi Jumatatu. Yuko hai. Nimeanza na hilo kwa sababu ni mama yako pia. Mengine yote utayasoma ukiwa umekaa.

Mbithe amenieleza. Mama alikuwa anaanika nguo. Mbithe akamwona akitokwa jasho kama mtu aliyenyeshewa, na jua halikuwepo, lilikuwa wingu. Akamwita, Mama akajibu maneno yasiyoeleweka. Akamwita Mbithe kwa jina la dada yake aliyekufa. Mbithe alimuuguza mume wake wa sukari hadi mwisho, kwa hivyo alijua. Alijua sukari imeshuka sana, na mtu wa namna hiyo anapewa kitu kitamu haraka. Akamkalisha chini, akaingia kwangu kutafuta sukari.

Hakuna sukari kwangu. Nilikuandikia kwa majivuno kwamba nimeitoa yote. Alifungua kila kabati. Sukari hakuna, asali hakuna, hata peremende moja ya Caren.

Alichopata ni mikebe yako, nyuma ya debe la mahindi. Akafungua, akaonja kwa ulimi. Tamu. Tamu kuliko soda. Mlango wake ni wa tatu kutoka kwangu na sukari anayo, lakini mbona akimbie na utamu uko mkononi? Akamnywesha Mama mkebe mzima, kidogo kidogo, akimwimbia kama mtoto. Akangoja azinduke. Akamfungulia wa pili. Mama akalegea mikononi mwake na mkebe midomoni.

Kinywaji chako hakina sukari, Elphas. Hata kidogo. Si ndivyo ulivyosoma ubavuni?

Kakuta, yule anayetuletea maziwa, alikuwa anageuza pikapu langoni. Ndiye aliyembeba. Kliniki walimtia maji ya sukari kwa mshipa, na akafungua macho kama mtu aliyeitwa kwa jina. Daktari akamuuliza, "Mama, umekula nini leo?" Mama akasema, "Tembe." Na kingine? "Mkebe." Na jana mchana? "Mkebe." Tembe zinashusha sukari, tumboni hamna kitu, unategemea nini?

Mbithe hajaacha kulia. Anadhani angemuua. Anasema, "Nilimnywesha mimi, kwa mkono huu." Yeye, mtu pekee aliyekuwepo! Na ameniambia katoni zilipitia kwake kwa amri yako. Ulinizunguka ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Usije Pasaka. Nikikuona mlangoni sijui nitafanya nini.

Nasike


Namanga,
15 Aprili 2006

Nasike,

Nimepiga simu mara nyingi, umezima. Basi chukua hii.

Barua yako nimeisoma kazini. Lori la mchele nimelipitisha na karatasi za lori la mbao, nusura nifutwe. Nilimpenda Mama vibaya, haya, nakubali. Lakini usiniangushie mzigo wote. Ni nani aliyefagia sukari kwa nyumba ya mtu anayekunywa tembe za kushusha sukari? Kijiko kimoja, Nasike. Mbithe angepata kijiko kimoja, Mama hangefika kwa pikapu ya maziwa.

Na kwa kuwa umesema nilikuzunguka, nikuambie kwa nini anakunywa. Soma maneno yake, ninayo hapa: "Usimwambie Nasike kwamba nachoka." Anachoka! Anakufulia, anamkimbiza mtoto wako barabarani kwa magoti ya miaka sitini na saba. Mikebe yangu ndiyo ilikuwa inamsimamisha akufanyie kazi. Mama si yaya wako. Hata yaya anapewa Jumapili.

Elphas


Kitengela, nyumbani kwa Mbithe,
Jumamosi, 22 Aprili 2006

Kwa Nasike na Elphas, watoto wangu wote wawili,

Barua hii nimeiandika mara mbili, neno kwa neno, ili asiwepo wa kusema mwenzake aliambiwa zaidi. Moja inakwenda Namanga na basi. Nyingine Caren ataibeba, milango miwili tu hadi kwao. Ndiyo, Nasike, nakuandikia na nasikia redio yako kutoka hapa nilipo. Nikija kusema kwa mdomo nitapiga kelele, na mimi sijawahi kupiga kelele mbele ya wajukuu.

Nimekasirika. Nataka mlijue hilo kwanza.

Nasike, uliniwekea barua ya kaka yako mezani ukaniuliza, "Ni kweli, Mama? Mimi nimekufanya yaya?" Ulitaka niseme hapana. Nikachukua leso na Biblia nikaja kwa Mbithe, na nitakaa hapa hadi nitakapochoka kukaa.

Elphas, nilikuambia neno la siri, wewe ukalishika kama rungu ukampiga nalo dada yako. Usingelitumia hivyo hata kwa adui.

Mmepigana juu ya mdomo wangu kama watu wanaogombania ndama. Mmoja anavuta kichwa, mwingine mkia. Hakuna aliyemuuliza ndama. Mimi nimewalea nyinyi saba, nikazika wawili, nikamuuguza baba yenu. Sasa sukari imeondolewa kwa kabati bila kuniambia, na chakula changu kinamwagwa kwa mtaro watoto wakicheka.

Nilimpelekea daktari ule mkebe mwenyewe, nikamwambia, niambie mimi, usiwaambie watoto wangu. Akausoma. Akasema Elphas hakudanganya, sukari haimo, na kama ni kuchagua kati yake na ile soda iliyomwua baba yenu, heri mkebe. Halafu akaniuliza nina presha? Nikasema ninayo. Akanionyesha neno lingine chini, maandishi ya sisimizi: kafeini. Akasema ni ile nguvu ya kahawa, inapiga moyo kiboko. Kwa mtu wa presha yangu si kitu cha kila siku, achilia mbali mara mbili kwa siku. Dereva mzima aliyekula akashiba, akinywa mmoja hatakufa. "Lakini hata kwake, Mama," akasema, "hiki si chakula. Hiki kinakuchelewesha tu kujua kwamba una njaa na umechoka."

Nilipotoka pale nilikaa kwenye benchi nikawaza. Kwa maana ni kweli, ndiyo kazi niliyokuwa nimekipa.

Sasa niwaambie kwa nini sikuwa nakula, kwa sababu mmeandikiana kurasa na kurasa na hakuna aliyeniuliza. Si hamu. Saa saba mchana Caren yuko shule, Bedan amelala. Nyumba imenyamaza. Napasha maharagwe, naweka sahani mezani, na kule ng'ambo ya meza hakuna mtu. Ugali wa mtu mmoja haupikiki, unashika sufuria kabla haujaiva. Nilikuwa nakula na baba yenu kila siku ya Mungu, hata siku tulizokosana tulikula tukiwa tumenuniana. Mkebe haudai meza. Unaufungua umesimama, umeisha. Ndiyo sababu niliupenda. Utamu ulikuwa nyongeza.

Nasike, mimi sikatai mtoto. Nakataa kuwa peke yangu naye kuanzia giza hadi giza. Tafuta msichana wa kusaidia, au mpeleke Bedan kwa yule mama wa kanisa anayelea watoto. Sukari irudi kwa nyumba, ya watoto, na ya siku ambayo nitatetemeka. Mimi nina akili, sitailamba.

Elphas, usinitumie kitu. Kila nikikuuliza utakuja lini unajibu kwa katoni.

Na nyote wawili mtamwomba Mbithe msamaha. Huyu mwanamke halali. Alifanya kilicho sawa kwa kitu kisicho sawa, na kosa hilo si lake.

Mama yenu, bado mwenye hasira,
Nakhumicha


Kitengela,
24 Aprili 2006

Mama,

Caren anakuletea hii. Usimpe peremende, ameshakula mbili kwangu leo.

Nimeisoma barua yako kwa choo cha ofisi, mahali pekee penye mlango. Nitakuambia ukweli kwa sababu umetuambia wako. Na mimi nimekasirika. Ulimwambia Elphas umechoka, Elphas aliye mbali, na mimi ambaye tunalala ukuta mmoja hukuniambia. Ningefanya nini na huo uchovu? Sijui. Labda ningelia. Lakini ungenipa nafasi nilie.

Nilikuwa nakuona umechoka. Hilo ndilo linaloniuma. Nilikuwa naona, na nikawa nasema ni mikebe, kwa sababu mikebe naweza kuimwaga.

Bedan ameanza leo kwa yule mama wa kanisa. Analia, lakini analia kwa watu wengi. Mkubwa wangu amekubali niwe natoka ofisini mapema Ijumaa. Nimemwendea Mbithe leo ukiwa umelala, tukakaa jikoni kwake. Amekataa msamaha wangu, anasema hakuna kosa, halafu akanishika mkono kwa muda mrefu.

Watoto wanamwita nyanya yao kila jioni, Kukhu, Kukhu. Mimi pia naita, ila kwa ndani.

Nasike


Namanga,
29 Aprili 2006

Mama,

Nimeanza barua hii mara nyingi nikachana. Karani anadhani natafuta mke.

Ulichosema juu ya katoni kimenichoma. Ni rahisi kutuma, Mama. Unalipia, dereva anaondoka, unajisikia mtoto mwema hadi mwisho wa mwezi. Kuja ni kukuona umezeeka. Kila nikija nakutazama miguu kwanza. Unajua? Nikikusalimia macho yangu yanakwenda miguuni, kama kuna kidonda. Ndiyo maana nachelewa. Naogopa siku nitakayokikuta.

Nimeomba ruhusa, Jumamosi ijayo nakuja. Nasike nimemwandikia mistari mitatu. Amejibu mmoja: "Mlango hauna kufuli mchana." Sijui kama hiyo ni karibu au ni tisho.

Niambie nilete nini. Naweza kupitia Kajiado ninunue nyama nzuri, ya mbuzi isiyo na mafuta. Au matunda ambayo daktari anaruhusu. Sema tu.

Elphas


Kitengela,
Jumanne, 2 Mei 2006

Mwanangu Elphas,

Dada yako hajui kuandika karibu, tangu utotoni. Ingia tu.

Mimi bado nalala kwa Mbithe. Nitarudi nikitaka, na sijataka bado, ila mchana naenda kupika kule kwa sababu jiko la Nasike ni zuri. Mbithe anakuja tunakula. Anakula kama mtu anayeadhibiwa, lakini anakula. Jana alinipa mdomo kwamba sukuma yangu haina chumvi, nikajua amepona.

Miguu yangu haina kidonda. Ukifika nitavua viatu uitazame yote, mbele na nyuma, halafu uinue uso unisalimie vizuri.

Jumamosi tunakaa mezani saa saba. Nasike atakuwepo, Mbithe atakuwepo, na Kakuta nimemwalika, maana mtu aliyekubeba mikononi ni aibu kumlipa kwa asante ya langoni. Kuna maharagwe, kuna mboga, kuna ugali wa wimbi, nami nitaupika mkubwa.

Nyama usilete. Matunda usilete. Shuka kwa basi mikono mitupu, na usinywe kitu njiani. Uje na njaa. Na ile hasira yako na Nasike uje nayo pia, usiiache Namanga ukadhani imekwisha. Yeye anayo ya kwake, na mimi ya kwangu haijapoa. Tutazitoa zote pale mezani, sahani zikiwa zimejaa, na hakuna atakayeinuka kabla hajamaliza chakula chake.

Mama yako,
Nakhumicha